Baada ya Beijing, shamba la mjane ni la nani?

Tarehe 26 Mei 1995 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimpokea Vatikano Mama Getrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake, uliofanyika Beijing Septemba mwaka ule. Mwaka 2004 mama huyo akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Kanisa liliweka pingamizi juu ya baadhi ya vipengele vya Beijing, nalo lilikuwa na sababu. Lakini wako waamini walioshika pingamizi hizo tu, wakasahau kwamba Papa huyo huyo alidai usawa wa mume na mke katika haki za familia.

Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji mwaka 1999. Kifungu cha 20 kinabatilisha mila imnyimayo mwanamke ardhi. Hata hivyo, katika vijiji vinavyoizunguka Nangara, mjane bado aweza kuambiwa na shemeji zake, wakomunio wa kila Jumapili, kwamba shamba ni la ukoo.

Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, watatu wao wanawake. Wazee wa jumuiya ndogondogo, waulizeni akina mama hao: huitwa shauri linaposikilizwa, au huletewa karatasi ya kutia sahihi tu?