Kitulo Yangoja Miguu ya Wananchi

Mwezi Oktoba mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere aliondoka nyumbani kwake Butiama akaenda Mwanza kwa miguu, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, kuhudhuria Mkutano Mkuu wa TANU. Azimio la Arusha lilikuwa halijatimiza hata mwaka mmoja. Vijana wa kila pembe ya nchi nao walikuwa barabarani, vumbi miguuni, wakitembea kuliunga mkono. Hapakuwa na aliyeuliza kwa nini Rais hakupanda gari. Wananchi walielewa kwamba kiongozi anayetembea huiona nchi jinsi ilivyo, na kwamba nchi nayo humwona yeye.

Leo maana hiyo imefifia. Kutembea kwa miguu kumekuwa alama ya mtu aliyekosa nauli. Mwenye gari hupita katikati ya nchi yake kama barua iliyofungwa ndani ya bahasha: hutoka mji mmoja, hufika mji mwingine, na yaliyo katikati hayajui. Ndiyo maana Mtanzania wa mjini anaweza kuzitaja timu za mpira za Ulaya moja baada ya nyingine, lakini akiulizwa Kitulo iko wapi, hujikuna kichwa.

Kitulo iko Nyanda za Juu Kusini, katika mikoa ya Njombe na Mbeya, mahali ambapo safu za Kipengere, Poroto na Livingstone hukutana. Ni uwanda wa nyasi ulioinuka kiasi cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Chimala, kwenye barabara kuu iendayo Mbeya, njia hupanda ukuta wa mlima kwa kona zaidi ya 50 hadi Matamba, na msafiri aliyeliacha joto la Usangu nyuma yake hujikuta akitafuta sweta. Juu hapana msitu wala kichaka cha kuzuia macho. Ni nyasi na anga, vilima vya mviringo vilivyofuatana kama mawimbi, na vijito vya maji baridi vinavyopita mabondeni. Katika miezi ya Juni na Julai usiku huwa mkali, na alfajiri sakitu hulala juu ya majani.

Mvua za Novemba zinapoanza, uwanda huo hubadilika. Maua huchomoza rangi baada ya rangi mpaka mwezi wa Aprili: meupe, ya manjano, ya zambarau, mekundu kama makaa. Wataalamu wamehesabu aina zipatazo 350 za mimea, na kati yake aina zaidi ya 40 ni okidi zinazoota ardhini. Wenyeji hawakungoja hesabu hiyo. Wao waliiita Bustani ya Mungu, na jina hilo linatosha.

Jambo moja huitofautisha Kitulo na hifadhi zinazosifika zaidi. Serengeti hutazamwa kutoka dirishani mwa gari, kwa sababu simba hana adabu kwa atembeaye. Kitulo hutazamwa kwa miguu. Uwandani humo hapana makundi ya tembo wala nyati ya kumtia mtu hofu. Atembeaye huweza kusimama, akapiga goti mbele ya ua dogo kuliko ukucha, akamsikiliza mbayuwayu wa buluu anayepita karibu na ardhi, akamwona tandawala akitembea majanini kwa madaha. Mwenye nguvu hupanda Mtorwi, mlima wenye mita 2,961. Mwenye siku za kutosha huvuka uwanda, akaingia msitu wa Livingstone, akateremka hadi Matema kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa. Ni nchi chache zinazoweza kumpa mtu safari kama hiyo, kutoka sakitu hadi ufuko, bila kupanda gari.

Historia ya uwanda huu nayo ina fundisho. Mwaka 1877 alipita huko mwakilishi wa Serikali ya Uingereza, Frederick Elton, na baadaye ramani za wakoloni zikaandika jina lake juu ya ardhi ambayo Wakinga na jirani zao walikuwa wakiijua kabla babu yake hajazaliwa. Hata kima aitwaye kipunji, ambaye sayansi ilimtambua mwaka 2003 katika misitu ya Rungwe na Livingstone, alikuwa tayari midomoni mwa wawindaji wa vijiji vya huko. Watafiti walimtafuta kwa sababu walisikia habari zake kwa wananchi. Kwa hiyo asemaye kwamba mwanakijiji hana elimu ya mazingira amsahihishe kwanza mwalimu wake.

Mwaka 2005 Kitulo ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa yenye eneo la kilomita za mraba 412. Ni moja ya hifadhi chache barani Afrika zilizoanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Uamuzi huo ulikuwa wa lazima. Kwa miaka mingi mizizi ya okidi, ile iliyovimba kama viazi vidogo, ilikuwa ikichimbwa kwa mamilioni na kusafirishwa kwa magunia hadi Zambia, ambako husagwa, huchanganywa na karanga na kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Mchimbaji aliyeinama na jembe lake alipata fedha kidogo. Mfanyabiashara aliyengoja na gari alipata kubwa. Ua lililong'olewa na mzizi wake halikurudi.

Hapo ndipo lilipo suala lenyewe. Mwananchi aliyekuwa akichunga uwandani, au akichimba mizizi ili alipe ada ya mtoto, ameambiwa aache kwa faida ya Taifa. Ni haki kumwambia hivyo, lakini si haki kumwambia hivyo kisha kumwacha mikono mitupu. Ikiwa atakayefaidi ni mgeni aliyeshuka kwa ndege, akalala katika hoteli ya mtu wa mbali, akapiga picha na kuondoka, basi mwanakijiji atakuwa mlinzi asiye na mshahara wa bustani asiyoingia. Kujitegemea hakukuwa na maana hiyo.

Wapo watakaosema kwamba kutembea kwa burudani ni anasa ya Wazungu. Kwamba mama wa Kitanzania hutembea kila siku na kuni kichwani, na hahitaji kufundishwa. Hoja hiyo ina ukweli, lakini inamalizia mahali pabaya. Mama huyo hutembea kwa kulazimishwa na shida, na kazi ya Chama na Serikali ni kumpunguzia shida hiyo. Kumwondolea mzigo hakuna maana ya kumnyima njia. Binadamu aliyekombolewa ni yule anayeweza kupanda mlima kwa sababu ameupenda.

Tena si kweli kwamba jambo hili lilikuwa la mabwana tangu awali. Huko Uingereza kwenyewe, nyika za juu kaskazini mwa nchi zilikuwa zimefungwa na makabaila ili wawinde ndege kwa siku chache za mwaka. Tarehe 24 Aprili 1932 watu wapatao 400, wengi wao vijana wa kazi kutoka Manchester, waliupanda mlima wa Kinder Scout bila ruhusa. Walinzi wa mashamba walijaribu kuwazuia. Palizuka vurugu, na vijana watano walifungwa kati ya miezi miwili na sita. Kosa lao lilianza kwa kutaka kutembea juu ya nyasi za nchi yao siku ya Jumapili. Lakini mwaka 1949 sheria ya hifadhi za taifa ilipitishwa, mwaka 1951 eneo hilo likawa ndani ya hifadhi ya kwanza ya nchi hiyo, na mwaka 2000 sheria nyingine ikapanua haki ya raia kutembea katika nyika za wazi. Haki hiyo haikutolewa kwa hisani ya mtu, ilidaiwa.

Tanzania haina kabaila wa kumfukuza mtu mlimani. Ardhi ni mali ya umma, na katika hifadhi raia hutozwa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Kinachomzuia Mtanzania kwenda Kitulo ni umbali na gharama ya safari, na zaidi ya hayo ni kasumba ya kudhani kwamba uzuri wa nchi ni bidhaa ya kuuzia wengine.

Basi yapo ya kufanya. Shule za Makete, Mbeya na Rungwe ziweze kuwapeleka wanafunzi uwandani angalau mara moja kabla hawajamaliza masomo, wajifunze mimea mahali inapoota. Umoja wa Vijana wa Chama, uliorithi jadi ya matembezi ya mwaka 1967, ufanye safari ya kutoka Matamba hadi Matema, vijana wa pwani na wa bara wakitembea pamoja. Vijiji vinavyoizunguka hifadhi viwe na ushirika wa waongozaji, wapishi na wenye nyumba za kulala wageni, fedha ibaki Makete pamoja na viazi na maziwa yake. Aliyekuwa akijua mahali pa kuchimba okidi ndiye anayejua mahali pa kuionyesha. Na siku atakapolipwa kwa kuionyesha, gunia la mlanguzi litarudi tupu.

Viongozi nao wasitume salamu. Msafara wa magari ukifika Kitulo, usimame getini, na walioletwa nao washuke. Saa mbili za kutembea zitawafundisha jambo ambalo taarifa iliyopigwa chapa haiwezi kulifundisha: kwamba udongo ule mweusi chini ya nyasi huloa kama sifongo, na kwamba sehemu ya maji yake hushuka Usangu, yakaingia Ruaha Mkuu, yakapita Mtera na Kidatu kuzungusha mitambo, kisha yakafika Rufiji. Taa inayowaka Dar es Salaam ina deni kwa nyasi za Kitulo.

Deni hilo hulipwa na watu wanaoijua nchi yao, na nchi hujulikana kwa miguu. Mvua za Novemba zikinyesha, maua yatachanua kama yalivyochanua kabla ya Elton na kabla ya ramani. Kilicho mikononi mwa wananchi ni kuamua kama watakuwapo kuyaona.