Mtu wa Safu ya Nyuma

Juzi jioni, hapa Mkomani, kijana mmoja wa jirani alinijia na kitabu cha historia mkononi. "Bwana," akasema, "askari wa Makedonia walijipanga safu 16, mmoja nyuma ya mwenziwe. Lakini mikuki iliyomfikia adui ilikuwa ya safu 5 za mbele tu. Hao wengine walikuwa na kazi gani?"

Nilijua lililomsumbua. Wiki ile alikuwa amesusa mikutano ya chama chao cha akiba kwa kuwa hakupewa cheo.

Nikamjibu hivi. Mkuki wa Kimakedonia ulikuwa na urefu wa mita 5 au 6, nao ulishikwa kwa mikono miwili. Polybius, aliyeandika katika karne ya 2 K.K., aeleza kwamba wa nyuma waliinua mikuki yao juu ya vichwa vya wenzao, ikawa kinga ya mishale. Tena kwa uzito wa miili yao waliwasukuma wa mbele, wasiweze kugeuka na kukimbia. Aliyeanguka, wa nyuma yake alishika nafasi yake. Kwa hiyo mtu wa mwisho wa kila mstari alichaguliwa kwa uangalifu, sawasawa na wa kwanza.

Lakini wingi wa safu bila ya mshikamano si kitu. Huko Pydna, mwaka 168 K.K., ardhi ilikuwa na mabonde na vilima. Safu zikaachana, Warumi wakapenya katika nyufa na panga zao fupi, na jeshi lile likaangamia.

Hata huku kwetu yalitukia. Richard Burton, aliyefika Mombasa mwaka 1857, asimulia kwamba morani wa Kimasai walishambulia bara ya karibu na mji. Waarabu na Mabulushi wapatao 150 wakawaendea kwa bunduki, na kwa mizinga ya kwanza Wamasai wakakimbia. Ndipo wenye bunduki wakaachana, kila mtu akikimbilia ng'ombe. Wamasai wakajikusanya, wakarudi, wakawaua zaidi ya 20 na kuwashinda. Bunduki zilikuwapo, aliyekosekana ni mtu wa kubaki nyuma ya mwenziwe.

Kijana alikaa kimya, kisha akauliza mkutano wa chama ni saa ngapi.