Kipande cha Mpira na Maji ya Kwale

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hakuna mwanafunzi hodari wa insha asiyejua mahali pa kuipachika methali hii. Hata hivyo, si ajabu kuikuta nje ya darasa lake pampu ya mkono isiyotoa maji, kwa sababu ya kipande cha mpira kisichojaza kiganja.

Pampu hizi zina historia ndefu kwetu. Mwaka 1983, katika iliyokuwa Wilaya ya Kwale, eneo la Diani liliingizwa katika majaribio ya pampu za mkono yaliyoongozwa na Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia. Shirika la KWAHO liliwaandaa wanavijiji, hasa wanawake, kuzitunza. Kutokana na majaribio ya hapa na ya Malawi ikazaliwa Afridev, pampu itumikayo leo katika nchi nyingi za Afrika na Asia. Waliyoisanifu walikusudia kwamba mwanakijiji aweze kuifungua mwenyewe: spana moja yatosha, na vali huvutwa juu bila kung'oa bomba.

Vali hizo ni mbili, moja chini kabisa ya silinda na ya pili kwenye pistoni. Kila moja ni mlango wa mpira ufungukao upande mmoja tu. Mkono wa pampu ushukapo, pistoni hupanda na maji, na vali ya chini hufunguka kuingiza mengine. Mkono upandapo, vali ya chini hujifunga ili maji yasirudi kisimani. Mchanga ukipenya, mpira hulika. Hapo maji hushuka usiku kucha, na asubuhi mtekaji hulazimika kupiga mkono mara nyingi kabla ya kuona tone la kwanza. Huo ndio ufa wenyewe. Wengi wetu huuona, tukaongeza nguvu za mkono.

Inapendekezwa mipira hiyo ibadilishwe kila mwaka, hata ikiwa ingali inafanya kazi. Hapa ndipo tunaposhindwa, kwani ni vigumu kuchanga fedha kwa ajili ya kitu ambacho hakijaharibika. Labda lugha nayo inachangia. Neno "kutengeneza" twalitumia kwa kuunda kipya na kwa kukarabati kilichovunjika. "Kutunza" tumewaachia watoto na wazee.

Mwenye kituo cha kuosha magari pale Ukunda hahitaji somo hili. Vali yake ikivuja, fedha zake humwagika pamoja na maji, naye hununua nyingine siku hiyo hiyo. Pampu ya kijiji haina mtu mmoja anayepata hasara. Hasara hugawanywa kwa vichwa vya akina mama na watoto waendao kuteka mbali. Katika miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga kwenye mikono ya pampu za Kwale vyombo vya kutuma habari kwa njia ya simu, na kazi hiyo ikachangia kuanzishwa kwa FundiFix, huduma ya ukarabati inayolipiwa mara kwa mara. Ni jambo jema, lakini kijiji kisicholipa hubaki pale pale.

Wako watakaosema kuwa tangu 2013 maji ni jukumu la kaunti. Ni kweli, na kaunti yapaswa kuhakikisha kwamba mipira hii inapatikana madukani Msambweni na Ukunda kama sabuni. Hata hivyo, kaunti haiwezi kujua pampu ya shule imepigwa mara ngapi asubuhi kabla ya kutoa maji. Wanafunzi wanaweza. Mwalimu wa sayansi awape zamu: kila asubuhi, kabla ya mtu yeyote kuteka, wahesabu mipigo hadi tone la kwanza na waandike. Idadi ikipanda wiki hadi wiki, kamati inunue mpira na kuubadilisha Jumamosi, wanafunzi wakitazama. Daftari la kurasa 32 latosha mwaka mzima.