Tufungue Milango Saa Kumi Jioni

Ndugu zangu wakazi wa Manzese, Tandale na Mburahati, ada ya shule ilifutwa tangu Januari 2016, na watoto wetu wakajaa madarasani. Lilikuwa jambo la heri. Lakini mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia mbele yake hawezi kusahihisha kila daftari, wala kumgundua yule wa nyuma kabisa ambaye bado anakisia herufi. Zipo shule jijini humu zinazosomesha kwa zamu, hawa asubuhi, wale mchana. Kilichobaki kinaangukia nyumbani, na nyumbani kwa wengi wetu ni chumba kimoja cha kupanga.

Mwenye nacho hulipia tuisheni. Mama anayekaanga mihogo kwa mtaji wa kukopa atatoa wapi mia tano ya kila siku kwa kila mtoto? Mwanawe akitoka shule anapokea beseni la karanga. Akirudi usiku umeme wa LUKU umeisha, daftari halifunguliwi, na kesho anaadhibiwa kwa kutofanya kazi aliyopewa. Halafu tunasema hana akili. Neno hilo silikubali hata kidogo. Mtoto anayezungusha karanga kutoka kituo cha Argentina hadi cha Urafiki na kurudisha chenji bila kukosea anajua hesabu. Hajapata mtu wa kukaa naye amwonyeshe inavyoandikwa.

Watu wa kukaa naye tunao. Mtihani wa Kidato cha Nne hufanyika Novemba, na Kidato cha Tano huanza Julai. Miezi yote hiyo vijana wetu wako vijiweni wakisubiri. Wapo pia walimu waliohitimu, wenye vyeti kabatini, wanaongoja ajira. Ofisi ya serikali ya mtaa ina mabenchi yanayolala bure jioni. Kumbi za makanisa ziko wazi katikati ya wiki, na madrasa nyingi zina saa zisizo na vipindi. Basi tufungue milango hiyo jioni, vijana na walimu hao wawafundishe watoto wetu.

Wala hili si geni katika nchi hii. Mwaka 1967 theluthi mbili hivi ya watu wazima hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, babu na bibi zetu walisomea barazani na chini ya miembe, na wengi waliowafundisha walikuwa vijana waliomaliza shule ya msingi tu. Huko India, katika miji ya Mumbai na Vadodara, wasichana wa mitaa hiyohiyo waliomaliza sekondari waliwachukua pembeni watoto waliobaki nyuma, kwa muda wa saa mbili kila siku ya shule, wakarudia nao mambo ya mwanzo kabisa. Alama za watoto hao zilipanda. Miongoni mwa waliopima kazi hiyo ni Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliokuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Kwa hiyo nasihi tusianze kwa kuwapanga watoto kwa madarasa. Siku ya kwanza kila mmoja apewe herufi, kisha silaba, kisha aya fupi, na akae pale anapokwama. Wa darasa la tano asiyeunganisha silaba aanze na silaba, bila kuchekwa na bila fimbo. Wa darasa la saba wapewe Kiingereza kwa wingi, maana Januari watakuta masomo karibu yote ya sekondari yako katika lugha hiyo.

Kuhusu usalama sitaki mzaha. Masomo yafanyike mahali pa wazi, watu wazima wawili wawepo kila wakati, na asiwepo wa kumwita mtoto chumbani kwake, hata awe mwalimu hodari namna gani. Mjumbe awe na majina ya wote wanaofundisha. Na mtoto asitozwe hata shilingi, kwani siku tutakapoanza kukusanya hela, yule wa karanga atakuwa wa kwanza kubaki nje. Chaki, ubao wa mbao uliopakwa rangi nyeusi na sufuria la uji ni vitu ambavyo vikundi vyetu vya vikoba vinavimudu.

Mwenye nia ya kufundisha aandike jina kwa mjumbe wake kabla ya mkutano ujao wa mtaa. Wenye funguo za kumbi waje nazo mkutanoni. Na kwenu wazazi, najua beseni lile ndilo linaloleta mboga, ndiyo maana naomba siku tatu tu: Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, saa kumi hadi saa kumi na mbili, mtoto asitumwe kuuza. Sisi majirani siku hizo tuzifuate karanga mlangoni kwa mama mwenyewe, tununue hapo.