Safari ya Zanzibar: Jirani Kati ya Bei Mbili

Katika msimu wa kusi, bahari inapopoa, kati ya Juni na Septemba, hoteli za Nungwi na Paje hujaa wageni kutoka Ulaya. Katika miezi hiyo hiyo shule za nchi za maziwa makuu huwa na likizo, na familia nyingi za Kampala, Kigali na Bujumbura huanza kuuliza gharama za kufika Unguja. Watu hawa wanakijua Kiswahili, baadhi yao wana ndugu Mwembeladu au Wete, na kwa ramani wako karibu kuliko Milano. Hata hivyo, mipango ya safari yao hukumbana na jambo ambalo mgeni wa Italia halimsumbui: kisiwa hakijaamua kama jirani ni mwenyeji au mtalii.

Kwa upande wa mipaka, jibu liko wazi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa raia wa Uganda, Rwanda, Burundi au Kenya haki ya kuingia Tanzania bila kulipia viza. Katika hifadhi za taifa za Tanzania Bara pia, raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, mbali kabisa na viwango vya dola anavyotozwa mgeni wa mbali. Huko jirani amehesabiwa kuwa wa nyumbani.

Akifika bandarini Dar es Salaam, hesabu hubadilika. Nauli za boti za mwendo kasi, zinazovuka kwa muda wa saa mbili hivi, zimepangwa kwa makundi mawili, mkazi na asiye mkazi, na wa pili hutajiwa dola. Anayetoka Mbarara si mkazi wa Tanzania, hata kama anazungumza na mkata tiketi kwa lugha moja. Akishuka Malindi, atakaguliwa pasipoti kwa mara nyingine ingawa hajatoka katika Jamhuri ya Muungano, kwa kuwa kuna ukaguzi wa uhamiaji mlangoni mwa Zanzibar.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 limeongezeka sharti jingine. Serikali ya Zanzibar iliagiza wageni wa kigeni wawe na bima ya safari itolewayo na Shirika la Bima la Zanzibar, kwa dola 44 kwa mtu mzima, inayodumu siku 92. Bima iliyokatwa nchi nyingine haikubaliwi badala yake. Hoja ya serikali ina uzito: mgeni anayeugua au kuumia hutibiwa katika hospitali za watu milioni mbili hivi, na gharama ya kumsafirisha hadi kwao si ndogo. Lakini kiwango kimoja kwa wote hakina uzito mmoja. Kwa aliyenunua wiki nzima ya hoteli na ndege kutoka Warsaw, dola 44 hupotea ndani ya hesabu. Kwa mwalimu wa Gitega anayekwenda kwenye arusi ya mpwawe, fedha hizo hukaribia au hupita gharama ya basi kutoka mpakani hadi Dar es Salaam.

Ndiyo maana safari ya jirani hupangwa kuanzia kwenye makaratasi, ufukwe baadaye. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano hutakiwa kwa watokao nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, zikiwemo Uganda, Burundi, Kenya na Kongo. Chanjo huhesabika siku 10 baada ya kudungwa, hivyo anayekwenda kliniki usiku wa kuamkia safari amechelewa. Aliyekwisha kuchanjwa hahitaji kurudia, kwani tangu Julai 2016 cheti hicho hudumu maisha yote. Barabara nayo imepata msaada. Apitaye Rusumo au Kabanga anaweza kushukia Dodoma na kupanda treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria hadi Dar es Salaam mwaka 2024, akaokoa saa kadhaa za kiti cha basi. Machi hadi Mei ni masika: vyumba hushuka bei, ila bahari huchafuka na baadhi ya hoteli hufungwa.

Zanzibar ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya 700,000 mwaka 2024, wengi wao Wazungu, na utalii ndio chanzo chake kikuu cha fedha za kigeni. Si ajabu kwamba bei zake hutazama Ulaya. Tatizo ni kuwa soko hilo ni la msimu, na janga la korona lilionyesha jinsi linavyoweza kukauka kwa wiki chache. Jirani hulala kwa shangazi au katika nyumba ndogo ya wageni Ng'ambo, hula kwa mama lishe, hununua kanga na karafuu Darajani. Fedha yake ni kidogo, lakini haipitii ofisi ya wakala wa ng'ambo.

Kuweka kiwango cha tatu, cha raia wa Jumuiya, katika nauli za boti na katika bima hakuhitaji mkataba mpya. Hifadhi za Bara zimekwisha kufanya hivyo.