Panga lisifike ukingoni: matete ya Ruzizi yana kazi kwa ndege na kwa watu

Uvira, Kivu ya Kusini. Kila kiangazi, katika bonde la Ruzizi, moshi huonekana upande wa mto. Wengine wanachoma matete ili wafungue shamba. Wachungaji wanayachoma ili ng'ombe wapate majani mapya. Familia zilizohama makwao zinayakata kwa panga, kwa sababu hazina kitu kingine cha kujengea. Kwa wakaaji wengi, matete ni majani tu: yakiondoka leo, kesho yataota tena.

Ni kweli kwamba matete huota tena, lakini si mahali pote na si kwa namna yoyote ya kukata. Yanapoisha kabisa kwenye ukingo wa mto au wa mfereji, ndege huondoka kwanza, kisha udongo, kisha maji yanaingia mashambani na nyumbani. Kwa hiyo kulinda matete si jambo la watalii, wala si anasa ya watu walioshiba. Ni jambo la mkulima wa mpunga wa Luberizi, la mvuvi wa Kavimvira na la mama anayeishi chini ya shitingi. Na haliwezi kufaulu likianza kwa kumfukuza huyo mama.

Inafaa kueleza kwanza kazi ambayo matete yanafanya. Ruzizi inatoka Ziwa Kivu pale Bukavu, inashuka ikipakana na Rwanda kisha Burundi, na inamwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, karibu na Uvira. Mito midogo inayoshuka kutoka milimani inaongeza maji, na pamoja na maji inaleta udongo, hasa tangu milima ilipopoteza miti yake. Tete lina mizizi minene inayotambaa chini ya ardhi na kushikana kama wavu. Mizizi hiyo inashika ukingo. Mashina yanapunguza mwendo wa maji, na maji yakienda polepole, matope yanatua chini kabla ya kufika ziwani. Kwenye ufuo wa ziwa, mashina hayo hayo yanapunguza nguvu ya mawimbi.

Tusidanganyane kuhusu nguvu hiyo. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mto Mulongwe ulipofurika ndani ya mji wa Uvira, maji yalishuka na mawe makubwa, makumi ya watu wakafa na maelfu wakabaki bila nyumba. Hakuna tete ambalo lingezuia mawe yale. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda tena na kuingia katika nyumba za ufuoni, Uvira hata Gatumba ng'ambo ya mpaka, matete hayakuweza kurudisha maji nyuma. Lakini si kila hasara huja kwa usiku mmoja. Hasara nyingi za bonde huja polepole: ukingo unaoliwa hatua moja kila mvua, mfereji unaojaa mchanga mpaka mpunga wa mwisho wa shamba unakosa maji, sehemu ya kuzalia samaki inayofunikwa na matope. Hapo ndipo matete yanafaa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa mawe kando ya mto unaomba pesa ambazo hakuna lokalite inayo. Matete yanaomba kuachwa tu.

Na ndege wanaingiaje katika habari hii? Ndege ndio wanaoonyesha hali ya ukingo kabla watu hawajaiona. Mdiria yule mwenye madoa meusi na meupe husimama angani akipiga mabawa, akitafuta samaki kwa macho, kisha anajitupa majini. Maji yakiwa matope matupu, haoni kitu, atahama. Mnana hufuma kiota chake kwenye tete lililosimama juu ya maji, ambapo nyoka na watoto hawafiki kwa urahisi. Matete yakikatwa yote, hana pa kufumia. Mbayuwayu wanaotoka Ulaya hufika kila mwaka mvua zikianza, na jioni hutua kwa wingi ndani ya matete ili walale salama. Mchana kutwa wanakula wadudu wanaoruka. Mwari, kwarara, yange na mnandi nao wanategemea maji ya mdomo wa Ruzizi.

Kwa hiyo mtu anayetazama ndege kila juma mahali pamoja anasoma hali ya mto. Akiona kwamba wadiria waliokuwa sita sasa ni mmoja, au kwamba mnana hawakujenga mwaka huu, ana sababu ya kwenda kuangalia ukingo umefanywa nini. Kazi hii haiombi darubini wala diploma. Inaomba daftari, kalamu na uvumilivu: tarehe, saa, mahali, ndege gani, wangapi. Majina ya Kifuliiru, ya Kivira au ya Kibembe yanatosha kabisa, na wazee wanayajua kuliko vitabu. Katika nchi nyingi za Afrika, kila Januari watu huhesabu ndege wa majini kwa namna hiyo hiyo, kisha hesabu zinakusanywa pamoja. Shule za Kiliba, Sange na Kavimvira zingeweza kuanza na darasa moja. Vijana wa kambi, ambao siku zao ni ndefu na kazi hakuna, wangeweza kuifanya pia, na wangekuwa wanajulisha wengine, si wa kupewa msaada tu.

Jambo moja lisisahauliwe: hapa ni mpakani, na nyakati ni za vita. Kijana anayesimama kando ya mto na daftari anaweza kudhaniwa mpelelezi. Kazi hii ifanywe kwa kikundi, mchana, shefu wa lokalite akiwa ameshaarifiwa, na mahali ambapo watu wenye silaha hawapo. Na kwa sababu ya kiboko na mamba, hakuna mtu wa kuingia ndani ya matete. Ndege wanaonekana vizuri kutoka barabarani, darajani au kwenye tuta la mfereji.

Sasa kuna malalamiko ambayo wakaaji wanatoa, na yanastahili jibu.

Mkulima anasema ndege wanakula mpunga wake. Ni kweli, wapo ndege wadogo wanaokula punje, na watoto wanakaa shambani kutwa nzima wakiwafukuza. Lakini kuchoma matete hakuwamalizi hao. Wanahamia kwenye miti na kurudi shambani asubuhi. Kinachomalizwa ni wale wanaokula wadudu, panya na samaki, ambao hawana deni na mpunga.

Mama anasema matete yanaleta mbu. Mbu wako, hakuna anayekataa. Lakini mbu wa malaria hupenda zaidi maji yaliyosimama wazi kwenye jua: dimbwi la barabarani, alama ya kwato, shamba la mpunga, shimo la kufyatulia matofali. Anayefyeka ukingo na kuacha madimbwi nyuma yake hajapunguza malaria. Chandarua na kufukia madimbwi vinafaa kuliko panga.

Wengine wanadhani kwamba, kwa sababu matete yanachuja matope, maji yaliyopita katikati yake ni salama. Sivyo. Uvira inajua kipindupindu kuliko miji mingi. Maji ya mto yakionekana safi bado yanaweza kuua. Yachemshwe au yatiwe dawa.

Na mkulima wa mfereji anasema matete yanaziba maji. Hapo ana haki. Tete likiota katikati ya mfereji, maji hayapiti, na ni lazima litolewe. Lakini katikati si ukingo. Njia nzuri ni kusafisha ndani ya mfereji na kuacha matete ya tuta, au kukata upande mmoja mwaka huu na upande wa pili mwaka ujao. Hivyo tuta halibaki uchi, na ndege wanapata pa kuhamia. Salongo ya Jumamosi inaweza kufanya kazi hiyo bila kuongeza hata saa moja; ni suala la kukubaliana tu wapi panga lisimame.

Lalamiko gumu kuliko yote ni la familia zilizohama. Aliyekimbia vita au aliyebomolewa nyumba na maji amefika na watoto na sufuria. Akipewa shitingi, inahitaji kusimama juu ya kitu. Akipewa unga, unahitaji moto. Miti ya jirani ina mwenyewe, eukaliptusi ina mwenyewe, lakini matete ya mto yanaonekana kama hayana mwenyewe. Kumwambia mtu huyo kwamba ndege wanahitaji nyumba, wakati yeye hana nyumba, ni kumtukana.

Kwa hiyo lawama isianze kwake. Shitingi inayotolewa bila miti ni nusu ya nyumba, na nusu ya pili inatafutwa mtoni. Kila anayegawa msaada katika bonde hili, awe serikali, kanisa au shirika, angetoa pamoja na shitingi nguzo au mianzi iliyonunuliwa kwa wakulima, pamoja na kuni au makaa kwa majuma ya kwanza. Gharama hiyo ni ndogo ukilinganisha na ya kuzibua mfereji au kuhamisha kambi mara ya pili kwa sababu ukingo umeanguka. Na kambi isiwekwe ukingoni. Familia iliyokimbia maji haipaswi kupelekwa tena kwenye maji eti kwa sababu ndipo penye nafasi.

Pale ambapo matete ni lazima yakatwe, na mara nyingi ni lazima, kuna namna ya kuyakata bila kuyaua. Wazee wanaofuma nyua na kutengeneza mitego wanaijua. Tete hukatwa juu ya maji, si chini yake. Shina lililobaki wazi ni kama mrija: linapeleka hewa kwenye mizizi iliyo ndani ya matope. Likikatwa chini ya maji, mrija unajaa maji na mzizi unaoza. Hukatwa kiangazi, viota vikiwa vitupu, si katikati ya mvua wakati makinda hayajaruka. Hukatwa kipande na kuachwa kipande. Na mzizi haung'olewi, kwa sababu hapo ndipo ukingo wote unaposhikwa. Aliyekata hivyo leo atakata tena mwakani mahali pale pale. Aliyeng'oa au aliyechoma mara kwa mara, mwakani atatembea mbali zaidi.

Sheria ipo. Kongo ina sheria ya ulinzi wa mazingira ya mwaka 2011 na sheria ya uhifadhi wa viumbe ya mwaka 2014, na imo katika Mkataba wa Ramsar wa kulinda maeneo yenye majimaji. Upande wa Burundi, hifadhi ya Ruzizi iliandikishwa katika mkataba huo mwaka 2002. Ndege hawaombi pasi: wanalala upande mmoja na kula upande mwingine. Haileti maana tete liwe na thamani ng'ambo ya mto na liwe takataka upande huu. Lakini sheria iliyoandikwa Kinshasa haijulikani na aliye na panga mkononi, na askari anayetoza faini bila kueleza ataongeza uchungu tu, halafu mtu atarudi kukata usiku.

Kinachoweza kufanya kazi ni mapatano ya karibu, yanayosemwa katika lugha za hapa na kurudiwa redioni. Kabla ya kiangazi kufika, kila lokalite yenye mto au mfereji ingekaa pamoja: shefu, mjumbe wa mwami, wakulima, wavuvi, wachungaji, na wajumbe wa familia zilizohama, wanawake wakiwemo kwa sababu wao ndio wanaokata. Wakubaliane mambo manne. Ukanda wa ukingo usioguswa, tuseme hatua tano kwenye mfereji na hatua ishirini kwenye mto. Sehemu za kukata kwa zamu. Marufuku ya kuchoma. Na watu wachache wa kutazama ndege na ukingo, watakaoleta habari zao kwenye mkutano unaofuata. Kati ya watu hao wawemo waliohama, kwa sababu wanaishi karibu na maji kuliko wengine na wana zaidi cha kupoteza.

Mapatano hayo hayatamaliza vita, wala hayatashusha ziwa. Yanaweza kufanya jambo dogo zaidi: mvua zikirudi, mkulima akute tuta lake limesimama, mvuvi akute samaki wadogo bado wanajificha kati ya mashina, na mama aliyekata matete kwa kipimo akute mengine ya kukata. Mbayuwayu wakirudi mwezi wa tisa au wa kumi, hesabu yao itaonyesha kama lokalite ilitimiza neno lake.