Karanga Haina Kosa, Uliza Kikaango

Yamkini umepata kumwona mtoto wa namna hii mtaani kwako: miguu myembamba, tumbo limefura, choo chake kingi, laini na chenye kunuka kupita kiasi, naye hakui kama wenzake. Jirani atasema ni minyoo. Bibi atatazama upande wa pili wa ua na kunong'ona juu ya watu wenye macho mabaya. Aghalabu ni minyoo kweli, au utapiamlo, na zahanati ndiyo pa kuanzia. Lakini binti mmoja wa miaka sita, mkazi wa wilaya ya Tarime, alikwisha kunywa dawa za minyoo mara nyingi, na kila alipozidi kukonda mama yake alizidi kumpikia uji wa lishe asubuhi na jioni. Uji ule ndio uliokuwa ukimmaliza.

Unga wa lishe, kama ujuavyo, ni mchanganyiko: mahindi, ulezi, soya, karanga, na mara nyingi ngano. Binti yule ana ugonjwa uitwao siliaki. Ndani ya ngano, shayiri na rai mna utomvu wa protini uitwao gluteni, ule unaoufanya unga wa chapati uvutike mikononi. Kwa mwenye siliaki, mwili huiona gluteni kama adui, na katika kupigana nayo huujeruhi utumbo mwembamba wenyewe. Vidole vidogo mno vilivyo ndani ya utumbo, ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula, hufutika. Hapo mtoto anaweza kula sinia zima na bado akafa njaa.

Si habari ya jana. Daktari wa watoto wa Kiholanzi, Willem Dicke, alikuwa ameanza kuishuku ngano kabla ya vita, na njaa kali ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 ikamthibitishia. Mkate ulipoadimika, watoto wake wenye siliaki walipata nafuu. Mkate uliporudi, maradhi yakarudi nao. Mpaka leo dawa ni moja tu, nayo ni kuacha gluteni maisha yote.

Mama yule alielezwa hayo Mwanza, baada ya binti kupimwa damu na kukatwa kipande kidogo cha utumbo ili kitazamwe kwa darubini. (Nikuonye hapa hapa: ukimshuku mtoto wako, usimwachishe ngano kabla ya vipimo, maana vipimo vitadanganya.) Akarudi nyumbani bila hofu kubwa. Mtu wa Tarime au Serengeti ana nini cha kulilia mkate? Ugali wa muhogo na ulezi upo, mtama upo, mahindi, ndizi na wali vipo, na vyote hivyo havina gluteni kwa asili yake. Chapati na maandazi vikapigwa marufuku, na miezi michache baadaye mashavu ya binti yakaanza kujaa.

Kisha, ghafla, tumbo likafura tena.

Mama aliipekua nyumba nzima. Alichokigundua hatimaye ni vifuko vya karanga ambavyo mtoto alinunuliwa kila siku atokapo shule. Karanga! Chakula ambacho katika kila gramu 100 mna protini gramu 25 au zaidi, na karibu nusu yake ni mafuta. Chakula ambacho daktari mwenyewe alimsifia. Alikwenda kwa mchuuzi, wala hakwenda kwa ugomvi. Aliomba tu aonyeshwe jinsi zinavyokaangwa. Akaona kikaango kimoja kikitumika kwa karanga za kawaida na kwa karanga za mayai, zile zinazovikwa unga wa ngano, sukari na yai. Unga ulikuwa umegandia pembeni mwa kikaango. Mchuuzi hakuwa na hila yoyote. Nani alipata kumwambia?

Utasema vumbi la unga ni kitu gani. Tume ya viwango vya vyakula ya Codex Alimentarius, iliyo chini ya FAO na WHO, inaruhusu chakula kiitwe kisicho na gluteni ikiwa gluteni haizidi miligramu 20 katika kilo moja. Uchunguzi uliofanywa Italia na kutangazwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa miligramu 50 kwa siku, zikiliwa kwa miezi mitatu, zinatosha kuudhuru utumbo wa mgonjwa. Kipande kimoja cha mkate kina kiasi cha miligramu 2,000. Wala moto hausaidii: gluteni haiungui kwa kukaangwa kama vijidudu.

Tangu hapo mama yule hununua karanga zikiwa katika maganda yake, ambayo ni mlinzi kuliko mfuko wowote wa dukani. Akizikosa, hutazama gunia kabla ya kutazama karanga, kwa kuwa mifuko iliyokwisha unga wa ngano haitupwi kwetu. Huoshwa, au haioshwi, ikabebea vitu vingine. Hutazama pia kopo la kupimia. Duka linalochota ngano na karanga kwa upawa mmoja na kuzipima juu ya sahani moja ya mizani, huliaga kwa adabu. Mashine ya kusaga ya kijijini, inayosaga mahindi, muhogo na ulezi tu, haimtishi sana. Huuliza tu kama kuna aliyeleta ngano ya kuchanganya lishe, na ikiwa yupo, hurudi siku nyingine. Siagi ya karanga hutwanga mwenyewe kwa kinu ambacho hakijaonja kitu kingine, na chekeche lake limetundikwa juu mahali ambapo wifi halifikii kwa haraka.

Karanga zilizokwisha menywa anaweza kuzisuuza, lakini hapo pana mtego wa pili. Karanga yenye unyevu huota kuvu, na kuvu huzaa sumukuvu, ambayo nayo haiondolewi kwa kukaangwa. Hatujasahau mwaka 2016, mahindi yenye sumu hiyo yalipoua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Basi zikisuuzwa zianikwe juani siku hiyo hiyo mpaka zikauke kabisa, na zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye uchungu zitupwe. Kuku nao wasipewe.

Siandiki haya ili kila nyumba iikimbie ngano. Asiye na maradhi haya na ale chapati yake kwa amani. Mimi mwenyewe nazila. Namwandikia yule mwenye mtoto wa namna ile niliyoieleza mwanzo, na shangazi ambaye humpa mtoto andazi kwa siri, kwa huruma.

Mama yule sasa huenda sokoni na kopo lake mwenyewe. Wachuuzi walimcheka mwezi wa kwanza. Nilipopita mara ya mwisho, mmoja wao alikuwa ametenga kikaango cha pili, amekifunga kamba nyekundu mkononi, na hakitii kitu ila karanga na chumvi.